Manemane, panya na goti lililovimba: Jinsi dawa za miti zinavyopimwa

MFUGAJI wa Balambala aliyeshinda kutwa nyuma ya ngamia, akarejea nyumbani jioni goti limemvimba, huwa na tiba mbili zilizo karibu. Ya kwanza ni bonge la utomvu mchungu wa rangi ya hudhurungi, ambao Wasomali huuita malmal na Waswahili huuita manemane. Ya pili ni kidonge cha diklofenaki au parasetamoli kutoka duka la dawa. Wapo wanaotumia zote mbili kwa pamoja, bila kumwambia mwenye duka kuhusu utomvu wala kumwambia mzee wa dawa kuhusu kidonge.

Kidonge hicho kilijaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wazima wenye afya, kisha kwa wagonjwa, kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Utomvu nao umejaribiwa kwa namna yake, kwa kutumiwa na vizazi vingi. Tofauti ni kwamba vizazi havikuacha daftari. Vilikumbuka waliopona. Waliopona wenyewe bila dawa yoyote walihesabiwa kuwa wameponywa, na ambao figo ziliharibika miaka mitano baadaye hawakuhesabiwa kabisa.

Ndiyo sababu maabara za Kenya na za kwingineko huchukua magome, mizizi, majani na utomvu wa aina hii na kuupima kwa panya. Majaribio hayo huripotiwa mara kwa mara katika majarida ya kisayansi, na habari zake hufika kwa wananchi zikiwa zimefupishwa kuwa sentensi moja: "Mti fulani watibu maumivu." Sentensi hiyo aghalabu huwa imeruka hatua kadhaa.

Nyika ya utomvu

Balambala iko kwenye Mto Tana, juu ya mji wa Garissa kwa anayeufuata mto kuelekea unakotoka. Ni eneobunge lenye wadi tano, yaani Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri, na lilimchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Kando ya mto kuna migomba na miembe. Ukiuacha mto nyuma, nyika ya migunga na miti ya jamii ya Commiphora huanza mara moja na kuendelea hadi upeo wa macho.

Miti hiyo mifupi yenye miiba, isiyo na majani kwa sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo hutoa manemane. Biashara yake ni kongwe kuliko mji wowote wa pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, cha karne ya kwanza, kinaitaja manemane miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa katika bandari za pwani ya Wasomali. Kwa matumizi ya nyumbani, malmal huloanishwa kwa maji na kusukutuliwa kinywani, huoshewa vidonda, na hupakwa penye uvimbe. Si tiba pekee ya maumivu katika jamii za wafugaji wa Kaskazini Mashariki: kuna kuumika, na kuna kuchoma ngozi kwa kijiti au chuma cha moto mahali panapouma, desturi ambayo makovu yake madaktari wa Garissa hukutana nayo mara nyingi kwenye matumbo na migongo ya wagonjwa.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la mtafiti linapoanza, nalo halihusu panya. Linahusu jina.

Jamii ya Commiphora ina spishi zipatazo 200, nyingi zikiwa katika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya. Utomvu wa Commiphora myrrha ndio malmal. Utomvu wa Commiphora holtziana huitwa hagar, na wafugaji huutumia zaidi kwa mifugo, hasa dhidi ya kupe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba kweli hagar huwafukuza kupe wa ng'ombe. Mabonge ya miti hii miwili yakichanganywa gunia moja, mnunuzi asiye mzoefu hatayatofautisha. Mtafiti naye akinunua sokoni badala ya kuuona mti, anaweza kuripoti matokeo mazuri ya mmea ambao hakuupima.

Kwa sababu hiyo utafiti wa kuaminika huanza na tawi. Tawi lenye majani, na maua au matunda yakipatikana, hukandamizwa, hukaushwa na kupewa nambari, kisha huhifadhiwa ili mtu mwingine aweze kulikagua hata baada ya miaka 50. Hazina kubwa ya matawi ya aina hiyo katika eneo hili ni Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, ambako ipo hadi leo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ripoti ya dawa ya mitishamba isiyotaja nambari ya tawi isomwe kwa tahadhari.

Kukosea mti si jambo la kitaaluma tu. Katika nyika hizi hizi za Pembe ya Afrika unaota mti ambao Wasomali huuita waabaayo, mti wa sumu ya mishale. Wanakemia wa Ufaransa waliitoa sumu hiyo katika karne ya 19 na kuipa jina kutokana na neno hilo la Kisomali, na hadi sasa kila mwanafunzi wa udaktari duniani anayejifunza jinsi chumvi inavyopita katika chembe za moyo hukutana na neno "ouabain" bila kujua kuwa anatamka Kisomali. Kiasi kidogo cha sumu hiyo kikiingia katika damu husimamisha moyo.

Maumivu hayako ya namna moja

Mchochota, yaani uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu, ni kazi ya mwili wenyewe. Mtu akijichoma mwiba, chembe zilizojeruhiwa humwaga kemikali zinazopanua mishipa ya damu, kuruhusu maji kupenya kwenye nyama na kuziamsha neva zipeleke habari ubongoni. Miongoni mwa kemikali hizo ni histamini, ambayo hutangulia, na prostaglandini, ambazo hufuata saa chache baadaye na kudumu zaidi.

Dunia ilitumia dawa dhidi ya hali hiyo kwa muda mrefu kabla ya kuielewa. Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliripoti kwamba aliwapa wagonjwa wa homa wapatao 50 unga wa gome la mti wa wilo wakapata nafuu. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza aspirini kutokana na kemikali ya jamii hiyo. Lakini ni mwaka 1971 tu ambapo John Vane wa Uingereza alionyesha aspirini inafanya nini: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Vane alieleza pia kwa nini aspirini na ndugu zake, ikiwemo diklofenaki, huumiza tumbo. Prostaglandini zile zile zinazoleta uvimbe gotini hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo kupata damu ya kutosha. Ukizizima gotini unazizima kote. Hili lina uzito wa pekee Garissa, kwa kuwa mwili uliopungukiwa na maji kutokana na joto na safari ndefu hutegemea sana prostaglandini hizo kulinda figo. Mtu anayemeza diklofenaki kila siku huku akitembea juani na maji kidogo anacheza na figo zake.

Na hili linauhusu mti pia. Ikiwa gome fulani linapunguza uvimbe kwa kuzuia prostaglandini, basi litakuwa na madhara yale yale kwa tumbo na figo, liwe limechemshwa na bibi au limefungwa kiwandani. Uasili haulipi msamaha.

Kutoka gome hadi chupa

Gome likishatambuliwa hukaushwa kivulini, kwani jua kali huharibu baadhi ya kemikali, husagwa, kisha hulowekwa katika kimiminika. Kimiminika hicho huchujwa na kukaushwa kwa mashine, na kinachobaki chini ya chupa, aghalabu ute mzito wa rangi ya kijani au kahawia, ndicho huitwa dondoo ya mmea. Gramu 100 za gome huweza kutoa gramu chache tu.

Uchaguzi wa kimiminika ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Maabara nyingi hupenda methanoli, kwa sababu huchota kemikali nyingi na hukauka upesi. Lakini hakuna bibi wa Balambala anayechemsha dawa kwa methanoli, ambayo ni sumu inayopofusha macho. Yeye hutumia maji, maziwa au samli, na samli huyeyusha mafuta ya mmea ambayo maji hayawezi kuyagusa. Kwa hiyo dondoo ya methanoli ikionyesha nguvu kwa panya, bado haijathibitishwa kwamba kikombe cha bibi kina nguvu hiyo. Ikishindwa, vilevile haijathibitishwa kwamba kikombe hicho ni maji matupu.

Mfano maarufu ni wa Tu Youyou wa China. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikosi chake kilikuwa kikipata matokeo yanayopanda na kushuka kutokana na mmea wa pakanga ya Kichina, hadi alipoacha kuuchemsha na kutumia etha kwa joto la chini. Joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Artemisinini iliyopatikana hapo ni msingi wa dawa za malaria zinazotolewa leo katika zahanati za Garissa, na mama huyo alipata Nobel mwaka 2015.

Unyayo wa panya

Jaribio linalotumiwa kuliko yote kupima uvimbe lilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1962. Panya hudungwa chini ya unyayo wa mguu wa nyuma tone la karajinani, ute unaotokana na mwani mwekundu. Msomaji wa pwani anaijua mali hii pengine bila kujua: mwani wa jamii hiyo ndio akina mama wa Zanzibar na wa Kibuyuni, Kwale, huulima baharini na kuuza, nao huishia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ukiliwa hauna neno. Ukidungwa chini ya ngozi, unyayo huvimba katika muda wa saa chache.

Panya hugawanywa katika makundi, kwa kawaida ya watano au sita. Kundi moja hupewa kimiminika kitupu, jingine hupewa diklofenaki au dawa nyingine inayojulikana, na yaliyobaki hupewa dondoo kwa vipimo vidogo, vya kati na vikubwa. Kila saa unyayo hupimwa. Tofauti ya unene kati ya makundi ndiyo jibu.

Saa zenyewe zina habari. Uvimbe wa mwanzo huletwa zaidi na histamini. Ule wa kuanzia saa ya tatu hivi huletwa zaidi na prostaglandini. Dondoo inayopunguza uvimbe katika saa ya kwanza tu inafanya kazi tofauti na ile inayoanza kuonekana saa ya nne. Mtafiti makini hasemi tu kwamba uvimbe ulipungua kwa asilimia fulani, bali husema ulipungua lini.

Kwa maumivu kuna mitihani mingine. Katika mmoja, uliobuniwa mwaka 1977, panya hudungwa formalini unyayoni na muda anaotumia kuulamba huhesabiwa kwa saa ya mkononi. Maumivu huja kwa mawimbi mawili. La kwanza, la dakika tano hivi, ni kelele ya neva zenyewe. La pili, kuanzia dakika ya 15, ni la mchochota. Mofini huzima mawimbi yote mawili. Aspirini hupunguza zaidi la pili. Kwa hiyo mtihani huu mmoja unaweza kudokeza kama dondoo ni ndugu ya mofini au ya aspirini. Katika mtihani mwingine panya huwekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 55 na kuondolewa mara anapolamba mguu au kuruka. Upo pia wa asidi ya siki, ambapo hesabu ni ya mara ngapi mnyama anajikunyata kwa maumivu ya tumbo.

Mtihani wa asidi ya siki ni rahisi na ndio unaodanganya zaidi. Panya aliyelewa, aliyelegea misuli au aliyetiwa sumu kidogo naye hajikunyati. Atahesabiwa kuwa amepata nafuu. Ndiyo maana mtihani mmoja hautoshi, na ndiyo maana anayehesabu hapaswi kujua panya yupi amepewa nini. Ripoti nyingi hazisemi kama sharti hilo lilifuatwa, na kimya hicho ni doa.

Wanyama hawa huumizwa kwa makusudi. Hilo lisifichwe. Utafiti halali nchini hupitia kamati ya maadili inayouliza kama idadi ya wanyama inaweza kupunguzwa na kama maumivu yanaweza kufupishwa, kanuni zilizoandikwa na Waingereza Russell na Burch mwaka 1959.

Nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha katika miaka ya 2010 mfululizo wa majaribio ya namna hii kwa mimea ya maeneo kame, mingine ikichumwa Mbeere, Kaunti ya Embu, mwendo mrefu juu ya Balambala kwenye Tana ile ile. Miongoni mwake ni Caesalpinia volkensii na Terminalia brownii, mti ambao Wakamba huuita muuku. Katika majaribio hayo, uvimbe na maumivu ya panya yalipungua. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, nayo ina kituo chake cha dawa za jadi jijini Nairobi, na Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asili huko Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini jaribio maarufu kuliko yote kuhusu mti wa nyika ya Wasomali halikufanyiwa Nairobi wala Mogadishu. Lilifanyiwa Florence, Italia.

Mwaka 1996 kikosi cha Piero Dolara wa chuo kikuu cha mji huo kilichapisha katika jarida la Nature makala fupi sana kuhusu manemane. Waliwapa panya kemikali zilizotolewa katika utomvu huo na kuwaweka juu ya bamba la moto. Panya walistahimili muda mrefu zaidi. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo majaribio mengi hayafanyi: waliwapa panya nalokisoni, dawa inayofunga vipokezi vya mofini ubongoni. Nafuu ikatoweka. Maana yake ni kwamba kemikali hizo za manemane zilikuwa zikipita mlango ule ule unaopitwa na mofini. Watu wa kale waliokuwa wakitia manemane katika mvinyo wa kumpa mwenye kuteswa, desturi inayotajwa hata katika Injili ya Marko, huenda walikuwa wameona jambo la kweli.

Huo ndio ubora wa jaribio zuri. Halikusema manemane inatibu goti. Lilisema kemikali fulani, kwa kiasi fulani, inafanya jambo fulani mahali fulani, na likaonyesha jinsi ya kulizima.

Kutoka panya hadi mtu

Kosa la kawaida ni la hesabu. Tuseme dondoo imefanya kazi kwa panya kwa miligramu 200 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 akizidisha moja kwa moja atapata gramu 12. Sivyo. Panya huchoma chakula na dawa upesi kuliko binadamu, na kanuni inayotumiwa na wataalamu hugawanya kipimo cha panya mdogo kwa 12 hivi. Jibu linakuwa karibu gramu moja. Mwenye kutegemea hesabu ya kwanza atameza mara 12 zaidi. Na ikiwa gome hutoa gramu tano za dondoo kwa kila gramu 100, hiyo gramu moja ni gome la gramu 20, kiasi ambacho kinaweza kulinganishwa na mkono wa bibi anayepima kwa vidole. Hesabu hii hufaa kwa kukadiria pa kuanzia tu. Haimruhusu mtu kujipimia.

Kipimo cha sumu hufanywa sambamba. Panya hupewa dondoo nyingi mara moja, mara nyingi hadi miligramu 2,000 kwa kilo, na kuangaliwa kwa siku 14. Wasipokufa, ripoti husema dawa "ni salama". Neno hilo limezidi kipimo. Mwenye yabisi ya viungo hanywi dawa siku moja. Hunywa kwa miaka, pamoja na dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari, na pengine akiwa mjamzito. Manemane yenyewe haishauriwi kwa wajawazito, kwa kuwa inaaminika kusisimua mji wa mimba, na kumekuwa na ripoti za kuvuruga kazi ya dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatua ya mwisho ni watu, na hapo ndipo mimea mingi husimama. Gharama ni kubwa, na hakuna kampuni inayoharakia kulipia mti ambao kila mtu anaweza kuuchuma. Panapofanyika, matokeo hufundisha. Nchini India mwaka 2003, wagonjwa 30 wa maumivu ya goti walipewa utomvu wa Boswellia serrata, ndugu wa miti ya ubani ya kaskazini mwa Kenya, kwa wiki nane, na kwa wiki nyingine nane wakapewa kidonge kisicho na dawa. Maumivu yalipungua walipokuwa kwenye utomvu. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2014 ilijumlisha majaribio ya aina hiyo na kuona nafuu ipo, ila ni ndogo.

Manemane nayo ilipata funzo chungu Misri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuuzwa huko dawa ya kichocho iitwayo Mirazid, iliyotokana na utomvu huo, baada ya ripoti za kwanza kudai kwamba inaponya karibu kila mtu. Watafiti wasiohusika na utengenezaji wake walipoipima kwa wagonjwa katika miaka iliyofuata, waliikuta dhaifu mno ikilinganishwa na prazikwanteli. Kwa wakazi wa bonde la Tana, ambako kichocho ni ugonjwa wa nyumbani, tofauti hiyo si ya vitabuni. Dawa za viwandani nazo zimeanguka: Vioxx, dawa ya yabisi iliyomezwa na mamilioni, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana kuongeza mshtuko wa moyo.

Kuna mmea wa Kenya uliofika dukani kwa njia halali. Wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, walishirikiana na kituo cha icipe kukuza Ocimum kilimandscharicum, mmea wa jamii ya rehani wenye kafuri, na kutengeneza mafuta ya kujipaka ya Naturub kwa mafua na maumivu ya misuli. Kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Bidhaa ni ya kujipaka na madai yake ni ya kiasi, na pengine ndiyo siri yake.

Kinyume chake ni chupa za "dawa ya viungo" zinazotenda miujiza kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama vya mitishamba, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Mtindo huo umegunduliwa katika nchi nyingi. Mgonjwa husifu mti kwa kazi ya kidonge kilichofichwa, na deksamethasoni ikikatizwa ghafla baada ya miezi huweza kumuangusha.

Nani mwenye mti

Mzee wa Danyere anayemwonyesha mgeni mti wa dawa anatoa kitu chenye thamani. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zinamtaka mtafiti kupata kibali cha Mamlaka ya Mazingira, NEMA, na idhini ya wenyeji waliofahamishwa kabla ya kuchukua sampuli kwa ajili hiyo. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika Oktoba 2014, unadai faida igawanywe. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Kenya ilishaonja uchungu wa kuchelewa: mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijikuta likidai mgao wa faida ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, miaka mingi baada ya vijidudu hivyo kuvuka bahari na kuingia katika biashara ya kufua jinzi.

Mwenye kuombwa aonyeshe mti ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi, nambari ya tawi itahifadhiwa wapi, na matokeo yatarudishwa kijijini kwa lugha gani.

Anayenunua dawa iliyofungwa ana maswali yake. Kibandiko kitaje mmea kwa jina kamili, sehemu iliyotumika, kipimo, tarehe na nambari ya usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo kupungua au macho kuwa manjano ni dalili za kuacha dawa siku hiyo hiyo, iwe ya mti au ya duka, na kwenda hospitali.

Na anayekwenda hospitalini Balambala au Garissa akiwa ametumia malmal aitaje kwa daktari sawa na anavyotaja kidonge. Ni vyema zaidi achukue bonge lenyewe mfukoni, na kama anaufahamu mti lilikotoka, achukue na tawi lake.